Jogoo wa Mama Wawili

Palikuwa na fundi saa mmoja, mtu wa kuomba radhi. Akijikwaa kwenye kiti, alikiambia kiti samahani. Mlango ukimbana kidole, aliupa mlango pole. Siku moja mteja alimkanyaga mguu, akasimama juu ya vidole vyake muda mrefu akichagua mkanda wa saa, na fundi akangoja kwa adabu mpaka mkanda ulipopatikana, ndipo akasema: "Samahani, nadhani mguu wangu uko chini ya wako."

Wapangaji wa nyumba ya ghorofa tatu alimoishi walishasahau jina lake la ubatizo. Walimwita Samahani, naye aliitika, maana kukataa kungewasumbua.

Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi, mahali ambapo bila shaka mjenzi alikusudia kuweka mifagio. Humo aliketi tangu asubuhi, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akichokonoa matumbo ya saa za watu kwa kibano chembamba kama sharubu ya paka. Kila aliyeshuka ngazi alimmwagia vumbi kichwani. Jumapili alikuwa wa kwanza kufika kanisani, si kwa cheo, bali kwa sababu ndiye aliyepanga viti. Kazi hiyo aliipenda mno. Viti mia moja na ishirini, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumjibu vibaya.

Basi mwenyekiti wa wapangaji alihama. Alihama ghafla, mchana kweupe, kwa haraka hata akaacha sufuria jikoni ikiwa na maharage ndani. Watu wakajua jambo la jogoo limemshinda. Jumapili hiyo hiyo baada ya ibada ukaitwa mkutano uani kumchagua mwingine.

"Nani yuko tayari kutuongoza?" aliuliza mwenye bucha, jirani wa chini, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara.

Kila mtu akatazama viatu vyake. Wakati huo nzi akatua sikioni mwa Samahani, naye akainua mkono kumfukuza.

Makofi yakalipuka.

"Samahani," alisema fundi, "mimi nilikuwa na n—"

"Unyenyekevu!" akanguruma mwenye bucha. "Hicho ndicho tulichokikosa! Mwenyekiti wetu huyo!"

Wakamshika mkono mmoja mmoja, wakatawanyika upesi kabla hajamaliza sentensi. Nzi alibaki.

Sasa, habari ya jogoo ni hii. Miezi sita nyuma, kifaranga alionekana juu ya paa, pale wapangaji wanapoanika nguo. Hakuna aliyejua katoka wapi. Mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mama wa ghorofa ya tatu, alimpa punje za mahindi asubuhi, akamwita Profesa. Nesi wa zahanati, mama wa ghorofa ya pili, alimpa makombo ya mkate jioni akirudi kazini, akamwita Sindano. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Kifaranga naye hakuona sababu ya kusema. Alikula milo yote, akakua, akanenepa, akawa jogoo mkubwa wa kutisha, mwenye kifua cha askari na macho ya mkaguzi wa tiketi. Aliwika saa nane mchana watu wakipumzika. Aliwika mtu akipiga simu. Aliwika wageni wakiombewa safari njema.

Siku mama hawa wawili walipokutana kwenye paa, mmoja na mahindi na mwingine na mkate, ndipo vita vilipoanza. Tangu hapo hawakusemeshana. Wakikutana kwenye ngazi, kila mmoja aliutazama ukuta kana kwamba umeandikwa tangazo la kazi.

Halafu mwenye nyumba akaja kukagua nyufa za paa, akainama, na jogoo akamdonoa mahali ambapo kwa wiki nzima hakuweza kupakalia. Barua ikafuata, ikabandikwa mlangoni: Jumamosi saa nne asubuhi atakuja mwenyewe, na amwone mtu mmoja, si wawili wanaogombana, mmoja tu atakayewajibika kwa ajili ya kuku yule. La sivyo, mlango wa paa utatiwa kufuli na hakuna atakayeanika hata soksi. Familia kumi na moja, na watoto wachanga wanne miongoni mwao. Hesabu nepi.

Jumatatu Samahani alijifungia kibandani, akainamisha kichwa juu ya saa ya ukutani iliyofunguliwa tumbo.

"Samahani, Baba," akaanza. Hata Mungu alimwomba radhi kwanza. "Najua una mengi. Kuna vita, kuna mafuriko, kuna wagonjwa, na mimi nakuletea jogoo. Naona haya. Lakini kama inawezekana, mteue mwingine. Mwenye bucha ana sauti nzuri. Amina. Samahani tena."

Jumanne akaomba vivyo hivyo, akaongeza jina la mpangaji wa pili mwenye sauti nzuri. Jumatano alipofika kwa jina la tatu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa mkewe, ndiyo kwanza anatoka kazini kwake kwenye chumba cha kupigia pasi cha hoteli moja, mikono bado ina joto la pasi.

"Mume wangu," alisema, "unampa Mungu orodha ya majirani?"

"Namsaidia tu kuchagua, mke wangu."

"Siku tatu unamwomba akutoe. Hata mara moja hujamwomba akae nawe humo humo ndani." Akapangusa vumbi la ngazi kwenye bega la mumewe. "Na acha kumwomba radhi kama karani uliyemkuta anakula. Ni Baba yako. Mwambie shida."

Alipokwenda, Samahani aliinua kichwa. Kisha akasema, safari hii bila kuinama: "Baba, naogopa. Naogopa wale mama, namwogopa mwenye nyumba, na jogoo mwenyewe namwogopa kuliko wote. Sina hekima na sina sauti. Nipe ya leo tu. Ya kesho nitakuja kuiomba kesho."

Akafunga kibanda, akapanda ghorofa ya tatu kabla ujasiri haujapoa.

Mwalimu alimkaribisha, akamkalisha mbele ya ubao. Ndiyo, alikuwa na ubao sebuleni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa wima. Tazama hapa." Akachora duara, akaligawa kwa chaki. "Gramu sitini za mahindi kila siku, kwa siku mia moja na themanini. Yule wa chini anatoa makombo. Makombo ni robo tatu hewa. Kwa hiyo jogoo huyu, kwa uzito, ni wangu kwa asilimia themanini na moja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Rudia."

Akarudia. Akakosea, akarudia tena. Wakati anatoka ndipo alipoona meza ya kulia yenye viti viwili. Kwenye kimoja kulikuwa na gazeti lililokunjwa, na kwenye kingine unyoya mwekundu.

"Humsomea habari asubuhi," alisema Mwalimu, akiupangusa ubao ingawa haukuwa na kitu tena. "Darasa langu lilikuwa la watoto hamsini. Sasa... basi. Nenda, fundi."

Ghorofa ya pili, nesi hakukubali kusema neno mpaka ampime presha.

"Mwenyekiti, kaka yangu, presha yako haifai kusikia jambo lolote," alisema akitikisa kichwa. "Lakini hili utalisikia."

Akamtolea kadi ya kliniki. Kadi kamili, yenye mistari ya kupima ukuaji. Jina la mtoto: Sindano. Uzito kila mwezi. Chanjo: alama ya ndiyo, mara mbili. Jina la mama: hapo aliandika lake, kwa herufi kubwa, akalipigia mstari.

"Kuna mama bila kadi?" aliuliza nesi. "Huyo wa juu ana kadi?"

"Ana... duara," alisema Samahani.

"Duara!" Nesi akacheka kwa dharau, kisha kicheko kikaisha mapema kuliko alivyokusudia. "Wanangu wote wana kwao sasa, kaka. Nikirudi kutoka zamu, Sindano huningoja kwenye kona ya ngazi. Husimama pale pale. Hakuna mwingine anayejua kama nimerudi."

Samahani alishuka akiwa amejua mambo mawili: kwamba kila mmoja alikuwa na haki, na kwamba yeye alikuwa amekwisha.

Ila jioni hiyo kwenye ibada ya katikati ya wiki, mchungaji alisoma kisa cha yule mfalme wa kale mwenye hekima, aliyeletewa wanawake wawili wanaogombea mtoto mmoja. Mfalme akaagiza upanga, mtoto akatwe vipande viwili, kila mmoja achukue chake. Mama wa kweli akalia kwamba heri apewe mwenzake. Samahani alikuwa amekaa nyuma karibu na viti vya akiba. Akaruka. Akakiangusha kiti. Akakiomba radhi. Hili lilikuwa jibu lake, limefungwa kama zawadi!

Jumamosi saa tatu na nusu, wapangaji wote walikuwa kwenye paa. Jogoo alisimama juu ya beseni lililofunikwa, akiwatazama mmoja mmoja kama anayekumbuka majina. Mwalimu alikuwa upande huu na nesi upande ule, shuka kubwa jeupe limeanikwa kati yao. Samahani akasimama katikati. Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni ambacho mkewe alimpa akimsihi asijikate.

"Ndugu wapangaji," alisema.

"Sauti!" wakapiga kelele wa nyuma.

"Ndugu wapangaji! Kwa kuwa mama hawa wote wawili wanadai, na mimi siwezi kujua... naamuru jogoo akatwe vipande viwili. Nusu kwa Mwalimu, nusu kwa nesi."

Akangoja. Mama wa kweli atalia sasa.

"Mpe yeye!" akalia Mwalimu.

"Mpe yeye!" akalia nesi, kwa sekunde ile ile.

Shuka likapepea.

"Mimi ndiye niliyesema kwanza," alisema nesi.

"Tumesema pamoja," alisema Mwalimu. "Na kisa hicho nimekifundisha shule ya Jumapili miaka kumi na minane, nani asiyekijua? Mpe yeye, fundi. Mimi namhurumia Profesa."

"Hapana, apewe yeye! Mimi namhurumia zaidi!"

"Mchukue wewe!"

"Mchukue wewe, nimesema!"

Hivyo ugomvi wa siku zote zile ukageuzwa ndani nje kama soksi. Samahani, kisu mkononi, aliwatazama akijiuliza kwa nini waandishi wa kale hawakuandika mfalme angefanya nini kama wote wawili wangekuwa wamekwisha kukisikia kisa.

"Ah, kama hamumtaki nyote," alisema mwenye bucha akikunja mikono ya shati, "mimi namtaka."

Jogoo huenda hakuelewa maneno, lakini shati lile alilielewa. Akapaa. Alipita juu ya shuka, juu ya kichwa cha mwenye bucha, akatua juu ya tangi la maji lililoinuliwa kwenye nguzo, kimo cha watu watatu waliosimama mabegani mwa wenzao. Kifuniko cha tangi kilikuwa cha zamani, kikalalamika chini ya uzito wake. Wote wakashtuka. Maji yale ndiyo waliyokunywa.

"Akitumbukia humo!" akapiga kelele nesi. "Maji yote ni ya kumwaga!"

"Mtu apande!" alisema mwenye bucha, akarudi nyuma hatua mbili.

Macho yote yakamgeukia mwenyekiti.

Samahani aliogopa urefu. Akipandia kiti kubadilisha balbu, mkewe humshika miguu. Aliitazama ngazi ya chuma iliyoegemezwa kwenye tangi, na mkewe aliyekuwa kwenye kundi akamtazama yeye, akanyoosha mkono kupokea kisu.

"Ya leo tu," alinong'ona Samahani, akashika daraja la kwanza.

Alitaka kuomba akipanda, lakini woga ulikuwa umefagia kichwa chake. Zaburi zimekwenda. Sala zote alizofunzwa utotoni zimekwenda. Alipofika daraja la mwisho, uso kwa uso na jogoo, sala moja tu ndiyo iliyorudi, na akaitoa kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kutoa maishani:

"Ee Bwana, ukibariki chakula hiki tunachokwenda kukipokea!"

Chini wakaangua kicheko. Mwenye bucha alijibu "Amina" kwa moyo wote. Jogoo alimtazama mwenyekiti kwa chuki isiyo na kifani.

"Si hiyo!" akalia Mwalimu.

"Ndiyo pekee niliyo nayo!" akalia Samahani, macho yamefumbwa. "Na wote waliokiandaa, ee Bwana, uwabariki!"

"Anatetemeka," alisema nesi. "Ataanguka huyo. Kaka! Vuta pumzi puani, toa mdomoni. Polepole."

"Ngazi imesimama wima mno," alisema Mwalimu. Hakuuambia ukuta, alimwambia nesi. "Wewe shika upande huu, mimi huu, tuuvute mguu wake nje kidogo. Hapo. Na wewe usisukume, inua."

"Sijasukuma."

"Umesukuma, lakini si kitu, endelea."

Wakaishika pamoja, bega kwa bega. Huko juu Samahani alivuta pumzi puani, akatoa mdomoni, akapiga magoti juu ya kifuniko, akanyoosha mikono na kumkumbatia jogoo kama mtu anayepokea mtoto wa ubatizo. Jogoo akaruhusu. Kwa nini, hakuna ajuaye. Samahani alifungua macho, akaona paa lote, nguo za familia kumi na moja zinapepea, na kwa mara ya kwanza hakuogopa.

Ndipo kifuniko kilipovunjika.

Maji yalimfika kifuani. Alisimama ndani ya tangi, na jogoo, aliyekataa katakata kulowa, alikuwa juu ya kichwa chake. Wakati huo huo mlango wa paa ukafunguka, akaingia mwenye nyumba na kufuli jipya mkononi.

Akatazama watu. Akatazama juu.

"Nauliza swali moja," alisema hatimaye. "Nani atawajibika kwa ajili ya kuku huyo?"

Mwalimu akafungua mdomo, nesi akafungua wake, na kila mmoja akamtazama mwenzake. Kabla hawajasema, sauti ilitoka tangini, imara, ikirudi mwangwi kwenye kuta za bati:

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi ndiye mwenyekiti. Akidonoa mtu, njoo kwangu. Akivunja kitu, njoo kwangu. Kifuniko hiki nimekivunja mimi, nitakitengeneza, na tangi hili tutalisafisha leo. Lakini paa usilifunge, mzee. Kuna watoto wanne wachanga humu."

Mkewe alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipotoa machozi, ingawa majirani walidhani ni vumbi. Hakukuwa na neno hata moja la radhi katika maneno yote yale. Wapangaji walisubiri lije, halikuja.

Mwenye nyumba aliligeuza kufuli mkononi. Pembe ya mdomo wake ilianza kucheza. Alijaribu kuizuia, akaukunja uso, akakohoa, halafu akaachia kicheko ambacho kilimlazimu kushika kamba ya nguo asianguke.

"Ajengewe banda," alisema akifuta macho. "Hapo kwenye kona. Na nikija kukagua, awe ndani. Nina makovu tayari."

Tangi lilimwagwa, na mchana kutwa nyumba nzima ilipanga mstari kupitisha ndoo. Kuhusu jogoo, Samahani alitoa uamuzi wake wa pili akiwa amejifunga taulo la mwenye bucha: asubuhi ni Mwalimu, jioni ni nesi, na ufunguo wa banda utakaa kibandani kwake chini ya ngazi. Anayeutaka aje autilie sahihi. Hakuwa na hila yoyote. Aliogopa tu ufunguo usipotee. Lakini kibandani kulikuwa na benchi moja la wateja, na ufunguo ulikuwa mmoja, na wiki ya pili Mwalimu alichelewa kuurudisha na nesi aliwahi kuufuata, wakakutana mlangoni.

Wakakaa. Mwanzoni waliitazama saa ya ukutani. Kisha nesi akauliza kama ni kweli mahindi ni gramu sitini, maana kwa kadi yake uzito ulipanda kupita kiasi mwezi wa nne. Mwalimu akasema alete hiyo kadi. Nesi akaileta. Mwalimu akaisoma yote, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha jumla mbili, na kwenye ule mstari wa jina la mama akakuta pamebaki nafasi kidogo pembeni.

"Herufi zako ni kubwa mno," alisema. "Sogeza kidole."

Akaandika lake, dogo, nadhifu, likaenea.

Fundi aliinamia kazi yake kioo kikiwa jichoni, akajifanya hasikii. Ila midomo yake ilikuwa ikienda, ikishukuru kwa ya leo, na mteja aliyesimama mlangoni akadhani anahesabu meno ya gurudumu.